Filimbi ya Watu Wawili

Desemba 2

Meneja anataka kila jioni tuandike ubaoni idadi ya walioingia majini. Hiyo nimeshaiandika. Haya mengine ni yangu, na akiyasoma shauri yake.

Bwawa limefunguliwa leo. Litakuwa wazi msimu wote wa joto, mpaka mvua kubwa zianze, maana zikianza hakuna mtu anayekuja kulipia kulowa. Walimu ni wawili, mimi na Chura. Chura ni kijana mrefu, miguu kama nguzo, na jina amepewa kwa jinsi anavyopiga mateke akiogelea. Wala halimuudhi. Yeye ana vijana jioni, mimi nina akina mama asubuhi, na katikati ya siku tunapokezana kukaa ukingoni kuangalia watu wasizame.

Filimbi ni moja. Anaivaa shingoni aliye zamu, akitoka anamvisha mwenzake, ikiwa imelowa mate na yote. Niliomba ya pili. Meneja akasema, "Mko zamu mmoja mmoja. Filimbi mbili za nini, mnaanzisha bendi?"

Mimi bado ni msaidizi. Meneja amesema akina mama wangu wote wakivuka upana wa bwawa kabla halijafungwa, darasa litakuwa langu na nitakuwa mwalimu kamili. Wako wanane. Saba sina shaka nao. Wa nane ni Mama Cherehani.

Desemba 5

Mama Cherehani ni fundi nguo, na vazi la kuogelea amejishonea mwenyewe, lina marinda kiunoni. Likilowa linakuwa zito kama zulia. Nilimwambia, akanijibu, "Mwanangu, kama ni kuzama, nizame nimependeza."

Maji yalimfika tumboni akanishika mkono. Hakunishika kama mtu anayeshika mkono wa mtu, alinishika kama anayeshika tawi. Vidole vimekufa ganzi mpaka sasa ninapoandika.

Desemba 9

Joto. Mama Cherehani ameingiza kidevu.

Desemba 12

Ameingiza uso! Alitoka anapiga chafya na kutukana, kisha akauliza kama kuna aliyeona. Wote tuliona. Akina mama wakampigia vigelegele na yeye akajifanya hataki. Mkono wangu hajauachia, lakini sasa anaushika kama mkono.

Desemba 14

Chura anakoroma tangu wiki iliyopita, sauti imebaki nusu, nasi tulikuwa tunamcheka kwamba jina limekamilika. Leo imenifika mimi. Kumeza mate ni kama kumeza misumari. Mama kanichemshia tangawizi na kunifunga kitambaa shingoni. Homa.

Desemba 18

Nimepona, nimerudi kazini. Chura alikuwa amenishikia darasa. Akanivisha filimbi na kusema, "Karibu tena, mgonjwa wa kujitakia."

Januari 3

Nimeamka na madoa tumboni. Madogo, kama mtu amekung'uta mkono wenye maji na matone yakanirukia. Kwa ngozi yangu hii nyeusi si mekundu, yana rangi ya zambarau inayoelekea kijivu. Juu yana magamba membamba yanayopukutika. Yanawasha kidogo tu. Mama amesema ni joto.

Januari 6

Si joto. Yamefika mgongoni na mapajani na yanapanda mikononi.

Nimekwenda zahanati. Mhudumu hakunyanyua hata shingo vizuri. "Unafanya kazi wapi?" Bwawani. "Fangasi. Mnashinda mmelowa." Akanipa mafuta ya tyubu. Nimepanga foleni asubuhi nzima nikaangaliwa kwa muda wa kufumba jicho.

Januari 8

Nimepaka. Hakuna kitu.

Januari 9

Nimepaka. Hakuna kitu. Jirani amesema ni tetekuwanga. Mke wa jirani amesema ni damu chafu. Muuza duka, ambaye hata sikumuuliza, amesema nile pilipili chache. Kumbe mtaa mzima ni madaktari, ni vyeti tu hawajapewa.

Januari 10

Mama amechoka kuningoja nipone. Jioni aliniita bafuni, akachukua dodoki gumu na chumvi, akanisugua mgongo kama anasugua sufuria iliyoungua. "Uchafu wa bwawa umeingia kwenye vinyweleo," anasema. Nililia, si kwa maumivu peke yake. Nina miaka ishirini na ninaogeshwa.

Januari 17

Haya ni mapya, na yamejipanga! Yamefuata mistari ya dodoki mgongoni, na mengine yamefuata mikanda ya vazi langu begani, pale linaponikwaruza. Mama ameyatazama. Dodoki silioni tena bafuni.

Nimemfuata Meneja nikamwambia dawa anayoweka majini imezidi. Akasema haijazidi. Nikasema imezidi. Akaleta kipimo chake mbele ya wateja, akatumbukiza, kikaonyesha sawasawa. Akanitazama mikono, na ndipo nilipojua nimefanya ujinga. Mpaka hapo alikuwa hajaiona.

Januari 19

Nataka kuiandika hii ikiwa bado moto.

Asubuhi tuliingia kama kawaida. Leo ilikuwa zamu ya Mama Cherehani kulala chali juu ya maji, kiganja changu chini ya mgongo wake na mkono wangu mwingine ndani ya mkono wake. Alikuwa ameshalala. Mwili mzima, marinda na yote, ulikuwa unaelea na yeye mwenyewe hajui. Nilikuwa nakaribia kumwambia.

Mmoja wa akina mama akasema kwa sauti, "Mwalimu, hayo mikononi ni nini?"

Nikasema ni joto. Sijui kwa nini nilisema joto, wakati hata mimi siliamini. Mwingine akasema joto gani lenye magamba. Wa tatu alishafika ngazini. Mama Cherehani akafungua macho, akageuza shingo, akaona mkono aliokuwa ameushika. Akauachia kama umemuunguza. Akazama papo hapo, akanywa maji, akasimama anakohoa, na nilipomnyoshea mkono akarudi nyuma.

Mkono wangu ukabaki juu ya maji peke yake, na watu wanautazama.

Walitoka wote. Nilibaki majini kama boya lililosahauliwa. Chura alikuwa ukingoni anakohoa, maana ameanza tena kukoroma, na hakuna hata mmoja aliyejitenga naye. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha.

Januari 20

Meneja ameniita ofisini. Hakukaa karibu. Amesema mambo matatu. Darasa la akina mama atalichukua Chura. Mimi nitasugua vigae na kuziba maboya, na nikiwa mbele ya wateja nivae vazi la mikono mirefu mpaka vifundoni. La tatu hakulisema, alilitoa mfukoni: filimbi mpya, amefunga uzi mwekundu. "Hii ni yako peke yako, binti. Ile nyingine usiiguse. Hatutaki kuambukizana."

Msimu mzima nimeomba filimbi ya pili. Nimeipata leo, kwa sababu mimi ni uchafu.

Januari 22

Vigae.

Januari 25

Vigae. Joto la kuua, na mimi ndani ya mikono mirefu natoka jasho kama jiko.

Januari 29

Vigae. Chura amesema Mama Cherehani haachi ukingo. Sikumuuliza.

Februari 4

Baba, ambaye huwa haongei, jana alisema, "Kesho tunakwenda kwa daktari wa ngozi." Ni hospitali kubwa, mbali. Tukaenda sote watatu, Mama na nguo zake za harusini, Baba na kofia yake, ambayo sijawahi kumwona ameivua.

Daktari ni mwanamke mwembamba mwenye haraka. Alinitazama tumbo, mgongo, akakwangua doa moja kwa ukucha, akaniuliza, "Wiki chache kabla ya haya, koo lilikuuma?"

"Daktari, nimekuja kwa ajili ya ngozi."

"Nimesikia. Koo?"

Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata ufunguo wake. Akasema ni soriasisi, ile ya matone, inayowapata sana watoto na vijana. Koo linaingiwa na bakteria, mwili unatuma askari. Askari wanamaliza kazi kooni, lakini badala ya kurudi kambini wanaingia kwenye ngozi na kuanza kupiga raia wasio na kosa. Ngozi inaota haraka kuliko inavyopaswa, inarundikana, inapukutika.

Mama akauliza, "Kwa hiyo si uchafu?"

"Si uchafu."

"Wala damu chafu?"

"Wala."

"Na dawa ya bwawa?" niliuliza mimi, kwa matumaini makubwa.

"Inaweza kukausha ngozi. Lakini haikuleta haya."

Nakiri niliumia. Nilikuwa nimeshamfunga Meneja jela kichwani mwangu.

Nikamuuliza inaambukiza? Akasema, "Madoa haya hayamwambukizi mtu, hata ulale naye kitanda kimoja. Kinachoambukiza ni koo. Mlikuwa mnatumia kikombe kimoja na mtu anayeumwa? Kijiko?"

Nikaiona ile filimbi inatoka shingoni kwa Chura, imelowa, inakuja mdomoni kwangu, siku baada ya siku, na Meneja amekaa kivulini anauliza kama tunaanzisha bendi.

"Lakini mwenzangu aliumwa vilevile," nikasema. "Mbona yeye hana hata doa?"

"Kuna watu wamezaliwa na mwelekeo huo. Nyumbani kwenu hakuna mwenye ngozi ya kupukutika?"

Tukasema hakuna. Halafu Mama akageuka polepole, akamtazama Baba kichwani.

"Mimi nina mba tu," Baba akasema.

"Tangu lini?" daktari akauliza.

"Tangu... si muda mrefu. Kabla huyu hajazaliwa."

"Vua kofia, mzee."

Sitaandika kilichokuwa chini ya kofia, ni mambo ya Baba. Lakini alitoka pale na dawa yake mwenyewe, na njia nzima Mama anarudia, "Mba! Miaka yote hiyo, mba!"

Mimi nimepimwa koo, bado lina wadudu wale wale, nimepewa vidonge. Daktari amesisitiza kwamba vidonge ni vya koo, si vya madoa. Ya madoa ni mafuta ya kupaka, na mengine ya kulainisha ngozi. Nisisugue, maana ngozi hii ukiiumiza inakujibu kwa madoa mapya palepale. Mama alitazama sakafu. Na jua la asubuhi linasaidia, dakika chache tu, nisiungue.

Jua! Meneja amenifunika tangu mwezi uliopita.

Nikamuuliza yataisha lini. Akasema kwa wengi yanaisha baada ya wiki au miezi. Kwa wengine yanarudi koo likirudi, na kwa wengine yanageuka ya kudumu. "Siwezi kukuahidi." Nilitaka aniahidi. Nilimchukia kidogo kwa kutonidanganya.

Februari 5

Nimemweleza Meneja yote. Akasikiliza, kisha akasema, "Sawa, lakini wateja hawajaenda kwa huyo daktari."

Chura akatusikia. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyekupa?"

"Sijasema wewe. Nimesema filimbi."

"Filimbi ina koo? Sema tu ni mimi!"

"Basi ni wewe! Nenda kapimwe, kila mwezi unakoroma!"

Akatupa taulo akaondoka. Nilifurahi kwa muda mfupi sana, kisha nikajiona mjinga. Daktari hakusema ni yeye. Angeweza kuwa mtu yeyote aliyenikoholea.

Februari 9

Nimeota jua uani kabla ya kazi. Jirani kachungulia juu ya ukuta kuuliza kama tetekuwanga imekauka.

Februari 13

Hakuna mapya. Ya zamani yamebaki vilevile, yananitazama.

Februari 18

Sauti ya Chura imekatika kabisa. Leo aliendesha darasa kwa kupunga mikono. Akina mama walidhani anawafukuza mbu.

Februari 21

Chura amekuja ghalani ninapoziba maboya. Akakaa juu ya ndoo. Sauti bado nzito. "Nimepimwa," akasema. "Ni kweli, wadudu ninao. Nimepewa vidonge." Akachezea boya. "Sikujua, dada. Mimi nilizoea kukoroma, nikajua ndiyo sauti yangu ya ukubwani."

Nikamwambia si kosa lake. Akasema anajua si kosa lake, lakini linamkera. Nikamwambia na mimi linanikera. Akacheka, akakohoa, akageuka akakohoa kwenye kiwiko, kwa adabu kubwa kama bibi harusi.

Kisha akasema kitu kilichoniharibia siku. Saba wanaogelea vizuri. Mama Cherehani hajaingiza uso majini tangu siku ile. Anakuja, analipa, anashika ukingo saa nzima, anakwenda zake.

Machi 2

Madoa yanafifia. Magamba yameondoka, yamebaki mabaka mepesi yasiyo na kitu juu, kama kivuli. Nikamwonyesha Meneja. "Bado yapo," akasema. Nikamwambia hiyo ni alama tu. "Alama ya nini? Ya ugonjwa." Mtu huyu ukimpa chumvi atakuambia ni sukari iliyokasirika.

Machi 6

Mawingu upande wa magharibi. Hayajafika.

Machi 8

Lile vazi la mikono mirefu limechanika kwapani. Meneja anasema nilishone, siwezi kuonekana hivyo mbele ya watu. Fundi wa karibu ni mmoja tu.

Machi 9

Nimekwenda kwake. Karakana ya Mama Cherehani ni chumba kimoja, cherehani mlangoni, vipande vya vitambaa mpaka dirishani. Aliponiona aliacha kukanyaga. Nikavaa lile vazi juu ya gauni ili aone palipochanika. Akachukua futi ya kamba, akanipima mkono bila kunigusa, anaishika kwa ncha za vidole, futi inapepea hewani.

Nikashindwa.

"Mama, vazi hili nalivaa kwa sababu yenu," nikasema. "Daktari ameniambia niote jua na mimi nimefungwa humu kama mzigo. Siwaambukizi. Sijawahi kuwaambukiza. Ulinitupia mkono mbele za watu."

Nilidhani atanifukuza. Akakaa kwenye kiti chake.

"Niliogopa," akasema. "Naogopa maji, naogopa radi, naogopa mbwa wa jirani. Wewe ulijua mimi ni mwoga. Nina mjukuu mchanga, ninambeba kutwa. Nikauliza moyoni, nikimpelekea kitu? Na wewe ukasema joto. Joto lenye magamba, mwanangu?"

Aliniamini kwa sababu kila siku nilimwambia ukweli wa maji, hapa kina kifupi, hapa panateremka. Hili nilimdanganya. Bado nina hasira naye. Nina haki, na yeye ana haki yake.

"Haiambukizi?" akauliza.

"Haiambukizi."

"Hata mtoto mchanga?"

"Hata yeye."

Akainuka. Safari hii alinishika mkono kabisa, akaupindua, akatazama mabaka moja moja kama anakagua kitambaa kabla ya kukata. Akavuta mshono wa kwapani, uzi ukakatika wenyewe.

"Hiki kimeozeshwa na dawa ya bwawa," akasema. "Nikishona hapa kitachanika pale. Dawa yake ni kuondoa mikono."

"Meneja atakasirika."

"Nimekuuliza kuhusu Meneja?"

Nikamwambia akate. Mkasi wake una sauti nzito. Mikono yote miwili ikaanguka sakafuni.

Machi 12

Meneja ameniona bila mikono. Amepayuka mpaka watu wametoka majini kusikiliza. Nimeambiwa nibaki ghalani mpaka bwawa lifungwe. Yamebaki siku chache. Mawingu yamefika.

Machi 15

Bwawa limefungwa leo.

Asubuhi anga lilikuwa zito. Akina mama walikuja kuvuka, mmoja mmoja, Chura ukingoni na filimbi yake. Nilikuwa nachungulia kutoka ghalani. Saba wakavuka. Mama Cherehani akasimama ngazini na marinda yake, akasema kwa sauti ya kuita watu sokoni, "Mimi siingii na huyu. Nileteeni mwalimu wangu."

Meneja akasema mwalimu ni Chura. Chura akasema, "Mimi leo koo linaniuma," na halimuumi, amepona siku nyingi.

Nikatoka, filimbi yangu shingoni. Meneja akanizuia, akanong'ona, "Binti, hayo madoa wateja watayaona."

"Wameshayaona, Meneja."

Nikaingia. Maji yalikuwa ya baridi, na ngozi yangu, ambayo tangu Januari haijaguswa na bwawa, ilisisimka yote. Nikamnyoshea Mama Cherehani mkono. Niseme ukweli, uliniwia mzito kuunyosha. Akautazama. Akaushika.

Tukaanza. Anapiga mateke kama anagombana na mtu, marinda yanamfuata nyuma. Uso majini, uso juu, matusi, uso majini. Chura anatembea ukingoni sambamba nasi. Tulipofika katikati matone ya kwanza ya mvua yakaanza kupiga maji, na nikajua ataogopa, nikamkaza mkono.

Akauachia yeye.

Hakuvuta wala hakushtuka, alihitaji tu mkono wake kwa kuogelea. Mkono wangu ukabaki juu ya maji peke yake, watu wanatazama, nami sikuurudisha haraka.

Aligusa ukuta wa upande wa pili radi ikapiga. Akapiga ukelele, akina mama wakapiga vigelegele, na badala ya kutoka wote wakarudi kumrukia majini. Meneja akaanza kupiga kelele watoke, radi na maji ni hatari, lakini nani amsikie. Akanijia mbio nikiwa natoka ngazini, mvua inamchuruzika usoni, akaikamata filimbi yangu yenye uzi mwekundu pale shingoni na kuipeleka mdomoni mwake.

Nikaivuta.

"Kila mdomo na filimbi yake, Meneja."

Akasimama mdomo wazi. Nadhani ndipo alipokumbuka ni filimbi gani, na nani aliyefunga ule uzi. Radi ikapiga tena.

"Basi piga wewe!" akafoka. "Si darasa lako?"

Nikapiga. Wote wanane wakatoka.